Maisha ya Casey Jones, mwendesha mashini wa Illinois Central

Wenzetu wasomaji, tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa: wafalme, waganga, wavumbuzi. Mara hii tumemchagua mtu aliyekuwa na mikono michafu ya mafuta na makaa. Hakuvumbua kitu, hakuandika kitabu, hakutawala hata kijiji kimoja. Aliendesha treni ya mvuke, akafa akiwa na miaka 37 tu, na jina lake likaenea Marekani nzima kuliko majina ya wakubwa wote wa kompani iliyokuwa ikimlipa mshahara. Na mpaka leo watu wanabishana juu yake: kosa lilikuwa lake ao halikuwa lake? Sisi wenyewe tulipokaa pamoja kuandika habari hizi tuligawanyika pande mbili, na mtaona sababu.

Jina lake la kweli ni John Luther Jones. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1863 katika jimbo la Missouri, wakati ule Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walipokuwa wakipigana vita juu ya utumwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya mashambani, basi mali haikuwa nyingi. Mwaka wa 1876 jamaa ilihamia kijiji kimoja cha Kentucky kiitwacho Cayce, ambacho wenyeji wanakitamka Keisi. Jones ni jina la watu wengi sana kule, sawa vile kwetu darasa moja linaweza kuwa na akina Ilunga wanne. Kwa hiyo, alipofika kazini, wenzake walimpa jina la kijiji chake wapate kumtambua. Ndipo akawa Casey Jones, na jina la John Luther likabaki kwenye makaratasi.

Njia ya reli ilipita karibu, na yule kijana hakutaka kazi nyingine. Akiwa na miaka 15 aliondoka kwao akaenda mji wa Columbus, Kentucky, kutumika katika kompani ya Mobile and Ohio. Alianza na telegrafu, yaani kupeleka habari kwa waya kwa kugonga-gonga. Kiisha akawa mchochea moto. Huko Jackson, jimbo la Tennessee, alipanga chumba katika nyumba ya wageni, na mwenye nyumba alikuwa na binti aitwaye Janie Brady. Binti alikuwa Mkatoliki. Casey akabatizwa katika kanisa la bibi arusi wake, wakaoana Novemba 1886. Walizaa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja.

Mwaka wa 1888 aliacha Mobile and Ohio akaingia katika kompani ya jirani, Illinois Central, kwa kuwa alitumaini kupanda cheo upesi huko. Kompani hii ilianzishwa mwaka wa 1851 katika jimbo la Illinois, na Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais, alikuwa mmoja wa mawakili waliosimamia kesi zake. Kidogo kidogo reli zake ziliteremka toka Chicago kwenye maziwa makubwa ya kaskazini mpaka New Orleans kwenye bahari ya kusini. Ndiyo njia iliyopitisha pamba, ndizi, barua na abiria katikati ya nchi. Casey alitumika sehemu ya kusini, kati ya Jackson na Water Valley, jimbo la Mississippi. Tarehe 23 Februari 1891 alipata kile alichokitafuta tangu utoto: akawa mwendesha mashini.

Hapa tunaomba ruhusa tueleze kidogo namna mashini hizi zilivyofanya kazi, kwa maana wengi wetu tumezoea za dizeli ao za umeme, na zile za mvuke tunazisikia tu kwa wazee waliotumika kwa reli. Msiruke kipande hiki, kitatusaidia mbele.

Mashini ya mvuke ni pipa refu la chuma lililolala, na nyuma ya pipa ni jiko. Moto wa lile jiko unapita ndani ya pipa katika mabomba mengi membamba, maji yakiwa yamezunguka mabomba, halafu moshi unatokea mbele kwa dohani. Maji yanachemka, mvuke unakusanyika juu, nao hauna pa kutokea. Mwendesha mashini akivuta mkono wa chuma mbele yake, mvuke unakimbilia katika silinda mbili, moja kila upande, unasukuma pistoni, na vyuma virefu vinazungusha magurudumu. Pistoni ikienda na kurudi mara moja, gurudumu limezunguka mara moja. Hivi gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa pumzi moja ya mvuke, lakini lina nguvu kidogo ya kuvuta. Ndiyo sababu mashini ya mizigo ilipewa magurudumu madogo na mengi, na mashini ya abiria ilipewa makubwa.

Ndani ya kile chumba cha nyuma walisimama watu wawili. Wa kuume ni mwendesha mashini, anayetazama njia, anayeshika mvuke na freni. Wa kushoto ni mchochea moto. Huyu ndiye aliyekuwa anaua mgongo wake kwa kutupa makaa ya mawe jikoni kwa pawa, usiku kucha, huku sakafu inamtikisa. Moto ukipungua, mvuke unapungua, na mwendesha mashini hata akiwa hodari namna gani hana cha kuendesha. Lakini nani anasikia jina la mchochea moto? Tutalirudia jambo hili.

Casey alikuwa mtu mrefu sana, mchangamfu, hakuwa mnywaji. Sifa yake kubwa ilikuwa saa. Alichukia kuchelewa. Watu wa njia ile walisema unaweza kupanga saa yako kwa kupita kwake. Tena alikuwa na filimbi yake mwenyewe, mabomba sita membamba yaliyofungwa pamoja, ambayo alihama nayo kila alipopewa mashini nyingine. Alijua kuipiga ianze kwa sauti ndogo, ipande, kisha ififie pole pole kama ndege wa usiku. Watu waliokuwa wamelala kando ya njia walijigeuza kitandani wakajua ni nani anayepita.

Kuna na upande wa pili, hatutaki kuuficha. Tangu alipopata cheo, kompani ilimsimamisha kazi mara tisa kwa kuvunja sheria za reli, jumla siku 145 bila mshahara. Mwaka wa mwisho wa maisha yake hakupata adhabu hata moja. Waendesha mashini wa siku zile walijua vizuri shida ilikuwa wapi: wakubwa walisisitiza sheria za usalama, na wakubwa wale wale waliweka ratiba ambayo huwezi kuifuata ukitii kila sheria. Ukichelewa unaulizwa. Ukikimbia wananyamaza, mpaka siku ile unapoangusha treni.

Mwaka wa 1893 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia huko Chicago, na Illinois Central ilisafirisha watu wengi kwenda kuyaona. Casey alipelekwa kutumika huko majira yale. Kati ya vitu vya kompani vilivyoonyeshwa palikuwa na mashini mpya ya mizigo, namba 638, yenye magurudumu mawili madogo mbele na manane ya kusukuma. Casey akaipenda. Maonyesho yalipofungwa, aliomba ruhusa aiendeshe yeye mwenyewe mpaka Water Valley, safari ya kilometa karibu 950. Ruhusa ikatolewa, na tangu hapo 638 ikawa kama mali yake mpaka mwanzo wa mwaka 1900.

Inasimuliwa pia habari ya mwaka wa 1895, karibu na kituo cha Michigan City katika Mississippi. Casey alikuwa ametoka nje, anatembea kwenye ubao wa pembeni wa mashini kutia mafuta, mwenzake akishika mvuke na mwendo ukiwa umepunguzwa. Mara watoto wakakatiza njia mbele yao. Wote wakapita isipokuwa msichana mdogo mmoja aliyeganda katikati ya reli kwa hofu. Casey akamwita mwenzake afunge freni, na kwa kuona treni haitasimama upesi, akakimbia mpaka ncha ya mbele, kwenye kile chuma cha kusukumia ng'ombe, akajishikiza, akanyoosha mkono akamnyakua yule mtoto.

Mwanzo wa 1900 alihamishwa mji wa Memphis, akapewa treni ya abiria. Ilikuwa heshima kubwa. Njia yake ilikuwa Memphis mpaka Canton, Mississippi, kilometa 303, sehemu ya ile safari ndefu ya Chicago na New Orleans. Mashini yake mpya ilikuwa namba 382, iliyojengwa mwaka wa 1898 katika kiwanda cha Rogers: magurudumu manne madogo mbele na sita makubwa ya kusukuma, kila moja lapita kimo cha mtu wa kadiri. Mchochea moto wake aliitwa Sim Webb, kijana mweusi.

Tusimame kwa Sim Webb. Katika majimbo ya kusini wakati ule mtu mweusi aliweza kuchochea moto, kusafisha mashini, kufunga vagoni. Lakini kuendesha, hapana. Hata ajue mashini kuliko mwalimu wake, kiti cha kuume hakikuwa chake, na vyama vya wafanyakazi wa reli vilimfungia mlango. Huko Mississippi sheria ya mwaka 1888 iliamuru hata abiria watenganishwe kwa rangi. Basi fikirini: wanaume wawili katika chumba kimoja kidogo, joto moja, vumbi moja, hatari moja, na kati yao kuna ukuta ambao hauonekani.

Sasa tunafika kwa ile siku. Jumapili tarehe 29 Aprili 1900, Casey na Webb walifika Memphis kutoka Canton na treni namba 2. Walitakiwa kupumzika. Lakini mwendesha mashini aliyepaswa kupeleka treni namba 1 kusini alikuwa mgonjwa wa tumbo, na wakubwa wakamwomba Casey arudi njia ile ile usiku ule ule. Akakubali. Treni ilipaswa kuondoka saa tano na robo za usiku, lakini ilichelewa kutoka kaskazini. Casey alipovuta mvuke ilikuwa saa sita na dakika 50 za usiku. Dakika 95 zimekwisha kupotea, na Canton walimngojea saa kumi na dakika tano za alfajiri. Mtu mwingine angesema, nimefika nimechelewa, si juu yangu. Casey hakuwa mtu wa namna hiyo.

Nyuma yake kulikuwa na vagoni sita tu, mzigo mwepesi, na njia ya kusini ilikuwa nzuri ya kukimbilia. Webb akatupa makaa. Walipofika Grenada, kilometa 160 hivi, walikuwa wamekwisha kurudisha sehemu kubwa ya dakika zao. Huko Durant walipata amri kwa maandishi: kituo cha Goodman ingia pembeni, ngoja treni namba 2 ipite, kituo cha Vaughan utaikuta treni ya abiria namba 26, lakini hiyo itakuwa imekwisha kukuachia njia. Wakafanya hivyo. Kutoka Goodman walibaki na dakika kama tano tu za kuchelewa. Toka Memphis mpaka Vaughan wastani wa mwendo wao, pamoja na kusimama, ulipita kilometa 90 kwa saa, gizani, na kwa mvuke. Tunaamini kwamba katika maisha yake yote Casey hakuwahi kufurahi kazini kuliko saa zile tatu.

Kumbe huko mbele mambo yalikuwa yameharibika. Reli ya Vaughan ilikuwa moja, na pembeni yake njia za kupishana. Katika njia ya pembeni waliingia treni mbili za mizigo, namba 83 iliyokuwa ikienda kusini kama Casey, na namba 72 iliyokuwa ikienda kaskazini. Zikiwekwa pamoja zilizidi urefu wa njia ile kwa vagoni kumi. Hapo kuna ujanja ambao watu wa reli waliujua: treni zote mbili zinasogea mbele, mkia unatoka njiani, treni ya abiria inaingia nusu; kiisha zinarudi nyuma pamoja, kichwa kinatoka njiani, abiria wanapita. Kila usiku walifanya hivi. Usiku ule walikwisha kuipisha namba 26 kwa ujanja huo, na sasa walikuwa wakisogea tena kusini kumpisha Casey, ndipo mpira wa hewa wa namba 72 ukapasuka.

Mtasema, mpira umepasuka, shida gani? Freni za hewa alizozianzisha George Westinghouse zinafanya kazi kinyume na unavyofikiri. Hewa iliyoshindiliwa katika bomba la treni ndiyo inayozuia freni zisifunge. Mwendesha mashini akitaka kusimama anaiachilia hewa. Kwa hiyo bomba likikatika popote, hewa inatoka na magurudumu yote yanafungwa yenyewe. Ni akili nzuri sana, imeokoa watu wengi. Lakini huko Vaughan iliifunga namba 72 kama jiwe, na namba 83 iliyokuwa nyuma ya kizuizi kile haikuweza kusogea. Vagoni nne za mkia wake zikabaki juu ya reli kuu, upande wa kaskazini, upande anaotoka Casey.

Kabla ya kituo, njia inakata kona ndefu kwenda kushoto. Mkumbuke lile pipa refu. Kwenye kona ya kushoto, aliyekaa kuume anaona pipa na giza. Aliyekaa kushoto ndiye anayeona njia. Basi Webb aliona kwanza: taa mbili nyekundu za vagoni ya mwisho, nazo hazisogei. Akapiga kelele. Walikuwa katika mwendo wa karibu kilometa 120 kwa saa. Casey akamwamuru aruke, naye Webb akaruka wakiwa bado na kama mita 90, akaanguka akazimia. Casey akabaki. Akafunga freni za hewa, akageuza mvuke urudishe magurudumu nyuma, akipiga filimbi. Alipogonga, mwendo ulikuwa umeshuka mpaka kilometa kama 56 kwa saa. Namba 382 ikapasua vagoni ya walinzi, ambayo haikuwa na mtu tena ndani, ikapita vagoni ya nyasi kavu, ikapita vagoni ya mahindi, ikaingia nusu ya vagoni ya mbao, kisha ikaanguka nje ya reli. Ilikuwa saa tisa na dakika 52, alfajiri ya tarehe 30 Aprili. Abiria walitikiswa, wachache wakaumia kidogo. Aliyekufa ni mmoja, Casey. Lau kama angeruka pamoja na Webb, ile treni ingeingia na mwendo wake wote.

Kompani ilifanya uchunguzi wake, na jibu likatoka: kosa ni la mwendesha mashini, kwani hakuitikia alama za mlinzi aliyetumwa nyuma kumzuia. Mlinzi yule alieleza kwamba alirudi umbali wa mita kama 900, akaweka juu ya reli vidude vya baruti vinavyolipuka chini ya gurudumu, na akapunga taa. Katika taarifa ile imeandikwa hata kwamba Webb alisikia mlipuko na kuona taa. Lakini Webb mwenyewe, miaka yote iliyofuata, alishikilia neno moja: hawakuona mlinzi, hawakuona taa wala moto wa alama, hawakusikia mlipuko wowote.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Wenzetu wengine walisema: mtu aliyesimamishwa kazi mara tisa, amekesha, anakimbiza saa, ni rahisi kupita alama. Wengine tukasema: mtu anayeyajua maisha ya reli tangu miaka 15 asikie baruti chini ya miguu yake asifunge freni? Na kwa nini? Apate kufa? Tena, kompani ikimpata mkosaji aliyekufa, haimlipi mtu na haiulizwi kwa nini iliruhusu treni tatu kujibana katika kituo kidogo usiku mmoja. Na kuhusu lile neno la Webb katika taarifa, tunajiuliza kijana mweusi wa Mississippi, mwaka 1900, akiwa na majeraha na akihitaji kazi yake, angeweza kukataa nini mbele ya wakubwa waliokuwa wakiandika? Hatuna ushahidi wa jambo hili, ni mawazo yetu tu. Mmoja wetu alikataa kabisa, akasema jeraha linachanganya kumbukumbu na pengine taarifa ya kwanza ndiyo ya kweli. Tumemwahidi kwamba tutaandika maneno yake hapa, na tumeyaandika.

Hesabu za hasara ziko wazi: jumla dolari 3,323 na senti 75, mashini peke yake ikiwa dolari 1,396 na senti 25. Mtu mmoja wa mizigo ya haraka aliyeumia mgongo alilipwa dolari 25. Watu wawili wa posta waliotikiswa, dolari moja kila mmoja. Sim Webb, aliyeruka kutoka kwenye treni iliyokuwa ikikimbia, alipata dolari tano. Bibi Janie hakulipwa na kompani. Alipata dolari 3,000 za bima ya vyama ambavyo mume wake alikuwa mwanachama, akalea nazo watoto watatu. Casey akazikwa Jackson, katika makaburi ya Mount Calvary.

Mambo yangekwisha hapo, kwa maana waendesha mashini walikufa mara nyingi siku zile na hakuna aliyewaandika. Lakini huko Canton, mahali Casey alipopaswa kufika saa kumi na dakika tano, alitumika mtu mweusi aitwaye Wallace Saunders. Kazi yake ilikuwa kufuta mafuta na masizi kwenye mashini. Alimfahamu Casey na kumpenda. Saunders akatunga wimbo juu ya kifo chake, akauimba huku anapangusa vyuma. Wenzake wakaushika, treni zikauchukua kaskazini na kusini. Watu wa michezo ya jukwaani wakausikia, wakaubadilisha, na mwaka wa 1909 wawili kati yao, Seibert na Newton, wakauandikisha kwa majina yao. Uliuzwa nchi nzima. Saunders hakupata hata senti. Wanasema aliyeuchukua kwake alimpa chupa moja ya pombe.

Na ule wimbo wa kuuzwa ulijaa uongo. Ulimhamisha Casey mpaka njia za magharibi za kwenda San Francisco, mahali ambapo hakutumika hata siku moja. Mbaya zaidi, mwishoni ulimtia bibi yake maneno ya aibu, kana kwamba siku ya msiba alikuwa amekwisha kuwa na mwanaume mwingine. Bibi Janie hakuolewa tena. Alitumia miaka yake yote iliyobaki akikanusha maneno yale, mbele ya kila aliyekuja kumuuliza. Mwaka wa 1911, wafanyakazi wa Illinois Central na wa kompani nyingine walipogoma, mtungaji Joe Hill alitoa wimbo mwingine akamfanya Casey kuwa msaliti anayeendesha treni wakati wenzake wamegoma. Mtu alikuwa kaburini miaka kumi na moja! Hivi ndivyo jina kubwa linavyobebwa, kila mtu anapakia mzigo wake.

Namba 382 iliinuliwa kutoka matopeni, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Ilibadilishwa namba mara kadhaa, ikavuta treni miaka 35 zaidi, mpaka ilipovunjwa kuwa vyuma vya kuyeyushwa mwaka wa 1935. Kaburi la Casey lilipata jiwe kubwa mwaka wa 1947. Mwaka wa 1950 serikali ya Marekani ilitoa tembre ya posta yenye sura yake, kwa heshima ya waendesha mashini wote, na mwaka wa 1956 nyumba yake ya Jackson ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kompani yenyewe ilinunuliwa na Canadian National mwaka wa 1998.

Bibi Janie alikufa mwaka wa 1958, akiwa na miaka 92. Sim Webb alikuwa amemtangulia mwaka mmoja, huko Memphis, akiwa na miaka 83. Mpaka uzee wake waandishi walimfuata wakimuuliza lile swali moja, na yeye aliwajibu vile vile alivyojibu siku zote, kwamba ile alfajiri, mpaka zilipotokea zile taa mbili nyekundu, njia ilikuwa nyeusi na kimya.